Miwani ya Vioo Vitupu

Kwanza niseme jambo moja ili tusipotezeane muda: mimi sikupona. Kama umeshika kurasa hizi ukitafuta dawa, ziweke chini ukapike. Sikupona kwa sababu sikuwa mgonjwa, ingawa nilitibiwa miaka mingi. Nilinyweshwa, nikafukizwa, nikavalishwa miwani, nikachapwa na walimu walioamini kwamba fimbo nayo ni dawa.

Jambo lenyewe lina jina siku hizi. Nililisikia mwaka jana tu, kwenye benchi la hospitali, nilipompeleka mjukuu wangu Zuhura mwenye miaka tisa. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mama yake akiuma kucha, mimi nikimsukia mtoto nywele ili mikono ipate kazi. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Akasema, "Bibi, huyu mtoto ana disleksia. Akili yake nzima kabisa, ila inajifunza kusoma kwa njia nyingine. Mara nyingi huwa ni jambo la ukoo." Mama yake Zuhura akaanza kulia. Mimi nikacheka kwa sauti, mpaka nesi akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Jina hilo nilikuwa nimelingoja zaidi ya miaka hamsini, na lilipokuja lilikuja na lafudhi ya Kizungu.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili ya mama yake Zuhura, na kwa mzazi yeyote anayeuma kucha kwenye benchi kama lile. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ukurasa mmoja kwa siku mbili, na huu ni mwezi wa tano. Atakayekuta kosa amezee tu.

Nimezaliwa na kukulia Kariakoo, upande wa Msimbazi, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na choo kimoja. Baba yangu, Sefu Mwinyimvua, alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, makabati na milango, na watu walitoka mpaka Magomeni kuja kumtafuta. Hakuwa na mazoea ya futi. Alipimia kijiti chake cha mkangazi alichokikata alama kwa kisu, na kazi ikiisha alipitisha kidole gumba juu ya ubao huku amefumba macho. Gumba likikwama, ubao ulirudi kupigwa randa. Juu ya hayo alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi wake aliupenda sana. Mama ndiye aliyemwandikia daftari la ubalozi, kwa sababu alisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Baba alisema mikono ya seremala imekakamaa, haifai kalamu. Sote tuliona ni sawa.

Shule nilianza na miaka saba, nikiwa na hamu kubwa, maana nilikuwa mtoto wa maswali. Wiki chache tu hamu ikaisha. Wenzangu waliangalia ubao wakasema kitu. Mimi niliangalia ubao uleule, na zile herufi zilikuwa kama kuku wa uwani: nikimkamata mmoja, wenzake wameshahama. Neno nililolisoma juu ya ukurasa, nikilikuta chini ya ukurasa huohuo lilikuwa geni kabisa. Mwalimu alidhani namfanyia mzaha. Mtoto anayejibu hesabu za kichwa kabla ya wote, anayesimulia hadithi ya jana neno kwa neno, atashindwaje kusoma mstari mmoja? Basi ni mvivu. Na uvivu pale shuleni ulitibiwa kwa fimbo.

Watu wakizungumza mambo haya huzungumzia kichwa. Mimi nakumbuka mwili. Nakumbuka uji wa Jumatatu ukirudi wote kabla sijavuka barabara. Nakumbuka vidole vilivyovimba mpaka sikuweza kufunga kifungo cha gauni. Nilianza kunyofoa nyusi zangu, unywele mmoja mmoja, huku nikingoja zamu yangu ya kusimama kusoma, na nilipofika darasa la tatu nilikuwa sina nyusi hata kidogo. Siku ya Idi Mama alinichorea nyusi kwa wanja ili wageni wasiulize. Nikatoka nimependeza kama bi harusi, na bado nilikuwa nimechoka.

Sasa sikilizeni tulipokosea, maana lilikuwa kosa la watu wenye akili. Jioni nilikwenda chuo cha Qurani kwa Maalim Shabani, na huko nilikuwa wa kwanza. Pale tulisoma kwa pamoja, kwa sauti, kila mtoto na kipande chake cha siku. Nilikaa kila siku karibu na binti aliyekuwa na kipande kilekile. Nikimsikia mara mbili tu kimeingia kichwani, na mara ya tatu nakitoa kwa sauti iliyomfanya Maalim afumbe macho kwa raha. Ukurasa niliufunua alipoufunua yule binti. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nasoma, kwa sababu walisikia nasoma. Nikahitimu Msahafu nikiwa na miaka minane. Baba alichinja mbuzi, pilau ikapikwa, na mbele ya mtaa mzima mwanaume yule alitokwa na machozi. Nilikula pilau ile kwa shida. Nilikuwa najua.

Baada ya hitima ile wazee wakakaa kikao. Hoja yao ilikuwa hivi: mtoto anausoma Msahafu wenye maandishi magumu, kitabu cha shule chenye picha za mbuzi na ndizi kinamshinda. Macho basi mazima, na akili nzima. Kuna mtu amemfunga masomo ya dunia. Ukiifuata hoja yenyewe haina tundu, isipokuwa mwanzo wake ulikuwa uongo wangu.

Wakatafuta mfungaji. Chumba cha nyuma alipanga Mama Chausiku, mjane aliyekaanga mihogo, ambaye siku moja alinishika kichwa na kusema, "Kichwa hiki kitakuja kutushangaza." Ikatosha. Mama aliacha kumsalimia. Ndoo yake ya maji ikawa inasogezwa nyuma ya foleni. Haukupita mwezi akahama na karai lake. Mimi nilisimama mlangoni nikamtazama akipakia godoro kwenye mkokoteni, na sikufungua mdomo.

Tiba zangu nazikumbuka kwa mvua. Masika ya kwanza ilikuwa ya macho. Baba alinipeleka hospitali, tukakaa kwenye veranda siku mbili mfululizo kati ya watu waliofungwa pamba machoni, na tulipofikiwa wakasema naona vizuri. Baba hakuridhika. Akanipeleka Posta, kwenye duka la Mhindi mmoja mzee aliyeuza miwani. Yule mzee alinipima muda mrefu, akanionyesha alama moja baada ya nyingine, kisha akazima taa yake.

"Macho ya binti yako ni mazuri kuliko yangu," akamwambia Baba. "Nikikuuzia miwani nitakuwa nimekuibia."

"Niuzie."

"Mzee wangu, nitakutilia vioo vitupu, kama vya dirisha."

"Nitilie hivyohivyo," Baba akasema. "Akiona amevaa, atapata moyo."

Nikavaa vioo vya dirisha mwaka mzima. Shuleni waliniita Bibi Posta. Nilipokataa kuvivaa, Baba alivichukua akavifuta, akavivaa yeye, na tangu hapo kila jioni alikaa barazani na gazeti amelikunjua mbele yake na miwani ile puani, redio ikizungumza pembeni. Mimi nilijua fika kwamba vile ni vioo vitupu. Na bado sikujiuliza mtu anavivalia nini.

Masika ya pili ilikuwa ya kombe. Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakasafishwa kwa maji ya waridi, na maji yale nikayanywa asubuhi saba kabla ya kutia kitu mdomoni. Sitalisema vibaya. Lilikuwa na harufu nzuri, na asubuhi zile saba Mama alinishika mgongo nikinywa, kitu ambacho hakuwa na nafasi ya kukifanya siku nyingine. Ila niliyatazama maandishi yakiyeyuka, nikawaza kwamba hata kuyanywa nimeyanywa na bado hayakai. Masika ya tatu ilikuwa ya kufukizwa chini ya shuka, na hiyo ilinipa kikohozi tu. Mwisho wa mwaka ule ukaja mtihani wa darasa la nne, ule uliokuwa ukichuja watoto. Nikachujwa. Kwetu ilisemwa kwamba aliyenifunga alifunga kwa fundo gumu.

Nikapelekwa kwa Shangazi Mwantumu, dada yake Baba, aliyeshona kofia za mkono mtaa wa pili. Nawaambieni, nilipona pale bila dawa: uji ulikaa tumboni, nyusi ziliota. Shangazi alichora ua kwa penseli juu ya kitambaa, na mimi nilifuata mchoro kwa sindano, tundu kwa tundu. Sikukosea. Wanaume wenye majivuno yao waliagiza kofia za Mwajuma, ndiye mimi. Wengi walitaka jina lishonwe ndani ya ukanda, maana kofia nyeupe zikifuliwa pamoja katika nyumba yenye wanaume watatu huleta ugomvi. Shangazi alichora jina, mimi nikalishona. Kwangu jina lilikuwa ua jingine tu.

Ningeishi hivyo mpaka leo, kama si kisomo. Hizo ndizo zama ambazo nchi nzima iliambiwa isome. Kina mama wauza samaki wa Kivukoni walisoma, makuli walisoma, redio ilifundisha. Kila balozi akaagizwa na ofisi ya tawi aandikishe wote wasiojua kusoma katika nyumba zake kumi. Baba alikaa barazani, Mama pembeni na daftari, majirani wamejaa.

"La kwanza andika Mwajuma Sefu," Baba akasema, sauti juu. "Asije mtu akasema balozi kaficha wake."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wasichana wa umri wangu walikuwa wakiposwa, na mimi nikatangazwa barazani kama bidhaa yenye kasoro. Nilimkasirikia, na bado nikaenda.

Darasa letu lilikuwa uwani mwa ofisi ya tawi, saa kumi alasiri, mabenchi matatu na ubao uliopakwa mkaa wa betri. Mwalimu wetu alikuwa Manka, binti wa Kichaga aliyekuja kumsaidia kaka yake kwenye duka lao la jumla la sabuni na chumvi, na alifundisha kwa kujitolea. Nikafanya nilichokijua. Nilisikiliza, nikameza kitabu kizima kwa masikio, nikawa naimba ukurasa kwa kutazama picha yake. Manka akanipa sifa. Mtaani ikavuma kwamba binti wa balozi amefunguka.

Siku ya mtihani alikuja mkaguzi. Alifungua kitabu akaiziba picha kwa kiganja. Nikaanza kuimba ukurasa wa mkulima na jembe lake, kwa madaha. Mkaguzi akaniacha nimalize, kisha akaondoa kiganja. Chini yake palikuwa na picha ya mama anayechemsha maji. Benchi la nyuma likaangua kicheko. Nilipogeuka nilimwona Baba amesimama nje ya uzio wa makuti na miwani yake, kama mtu aliyepigwa yeye.

Asubuhi ya pili yake nilikuta bakuli mezani, maji ya waridi yenye rangi ya zafarani.

"Bismillahi, mwanangu," Baba akasema. "Kunywa."

"Sinywi, Baba."

"Mwajuma!" Mama akashika kifua.

"Sinywi. Nimekunywa vya kutosha. Hakuna mtu aliyenifunga."

"Aliyehitimu Msahafu ashindwe na kitabu cha mkulima na jembe?" Baba alikuwa hajapandisha sauti bado. "Hebu nieleze hilo."

Hapo nikasema. "Msahafu sikuusoma, Baba. Niliuimba. Nilishika kwa masikio kipande kwa kipande kutoka kwa wenzangu. Ulete sasa hivi unionyeshe neno moja, sitalijua. Mbuzi ulimchinja bure. Na Mama Chausiku tumemwonea."

Nilingoja kibao. Hakikuja. Baba alivua miwani, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi asijue mtu." Akachukua randa yake akatoka.

Bakuli likabaki mezani. Mama alilitazama, akanitazama, kisha akalinywa yeye, lisije likapotea. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na yeye akanipiga begani, halafu akanishika.

Baba alisema asijue mtu, na mimi nilikuwa nimeshachoka na kutojulikana. Jumapili ile nilitembea kwa miguu mpaka Buguruni nikamtafuta Mama Chausiku. Nilimkuta na karai lake lilelile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwajuma wewe? Mtoto umerefuka!"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, nisije nikakaa nikanywea. Alinisikiliza huku akigeuza mihogo.

"Mwanangu," akasema mwishoni, "mimi nilihama kwa sababu bomba la kwenu halitoi maji na choo kimoja watu ishirini. Lakini kutosalimiwa kuliniuma sana. Wallahi kuliniuma." Akanifungia mihogo ya moto na pilipili kwenye gazeti. "Mwambie mama yako namsalimia. Aitikie tu, inatosha."

Mama alipopewa salamu aliitikia kimyakimya, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Ndani ya nyumba yetu Baba aliacha kusema nami. Chakula nilimwekea, alikula, akasema alhamdulillahi ukutani. Mama alibeba maneno kutoka chumba hiki mpaka kile. Baba na mimi tulikonda wote. Kama una mtoto mwenye jambo hili, jua kwamba kimya cha namna hiyo kinachosha kuliko matusi, na mtoto hukihesabu kuwa ni kosa lake. Mimi nilikataa kukihesabu hivyo, lakini nililazimika kukataa kila asubuhi upya.

Siku moja ya kipupwe Manka alikuja kwa Shangazi kuagiza kofia ya kumzawadia mzee mmoja aliyempangisha kaka yake. Akakuta nashona jina ndani ya ukanda. Akainama.

"Hapa unaandika jina la nani?"

"Sijui. Shangazi huchora, mimi hufuata, ikiisha ndipo huniambia ni ya nani."

Nadhani alikuwa bado na kinyongo cha mtihani. Kisha akachukua kofia tatu zilizokwisha, akazichanganya kwenye kapu.

"Fumba macho, Mwajuma. Papasa ndani. Hii ya nani?"

Nilipitisha gumba. "Hii ya Salumu wa bucha."

"Umejuaje?"

"Inaanza kwa nyoka. Na hii ya Mzee Musa, nyoka wake yuko katikati. Hii ya tatu ya Omari, inaanza na duara, sindano inazunguka inarudi ilipotoka."

Manka alikaa chini kwenye mkeka wa Shangazi na gauni lake la dukani. "Unasoma," akasema. "Unasoma muda wote huu, mjinga mie!"

Alikuwa mwalimu wa kwanza kujiita yeye mjinga. Tangu siku hiyo aliniletea herufi moja kwa siku, ameichora kwa penseli kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, na mimi niliishona kwa uzi mnene, kisha nikaipapasa nikiitamka kwa sauti. Zile zilizokuwa zikicheza machoni, chini ya kidole zilitulia. Hazikutulia kwa mara moja, msidanganywe. Nyingine nilizishona mara tano, mara nane. Gumba langu likaota sugu. Siku zingine nilitupa kitambaa uwani nikasema siendelei, na Manka alikiokota, akakipangusa vumbi na kusema, "Haya, tulia unywe maji, mimi nasubiri, duka limeshafungwa." Huyo binti hakuwa na mafunzo yoyote ya ualimu. Aliniuliza tu najua nini, badala ya kuniuliza kwa nini sijui.

Vuli zilipoanza, mkaguzi alirudi. Nilikuwa na kitambaa changu mapajani.

"Kitambaa hakiruhusiwi," akasema.

Nikakikunja nikampa Manka. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na mkono wa kushoto nikauacha uchore herufi juu ya paja langu, ndani ya khanga. Nikaanza. Nilikwenda pole sana. Neno la pili lilinichukua muda ambao mtu anaweza kuswaki meno.

"Soma haraka, binti, wenzako wanangoja."

"Nitasoma polepole au sisomi kabisa," nikamwambia. "Ile siku nilipokwenda haraka nilichekwa."

Mkaguzi alinitazama, akatoa kiti akakaa. Nilimaliza mistari sita. Jasho lilikuwa limelowesha blauzi. Aliziba picha kwa kiganja tangu mwanzo, na mimi wala sikuwa na haja nayo. Akaandika kwamba nimefaulu hatua ya kwanza, akasema, "Haya, mkaidi, nenda." Nimeitwa majina mengi na hilo ndilo nililolipenda.

Baba aliambiwa. Alisema alhamdulillahi ukutani, na gumzo likaishia hapo.

Ramadhani ile nilimshonea kofia. Sikumwambia mtu. Ua la pembeni lilikuwa gumu kuliko yote niliyowahi kushona, na ndani ya ukanda, bila penseli ya Shangazi, nilishona neno moja nililolichagua mwenyewe. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, alikuwa amekaa barazani na gazeti lake na miwani yake. Nikamsogezea kofia kwa mikono miwili.

Aliigeuza. Aliyasifu mashono kwa kichwa tu, kifundi. Kisha akaona maandishi ndani. Akaisogeza kofia mbali, akaileta karibu, akairekebisha miwani.

"Miwani hii siku hizi haina nguvu," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu lile bakuli.

Vioo vitupu. Hapo ndipo yote yaliponijia kwa mpigo: kijiti cha mkangazi chenye alama, mwandiko wa Mama katika daftari, redio iliyokaa kila siku pembeni ya gazeti, "asijue mtu". Hasira niliyokuwa nayo juu yake tangu siku ya daftari niliitafuta nikakuta imeondoka, na mahali pake kulikuwa na mtoto mwingine anayeogopa zamu yake ya kusimama.

"Ivue, Baba," nikamwambia taratibu. "Fumba macho. Papasa kama unavyopapasa ubao."

Nilidhani ataondoka. Aliangalia mtaani, watu walikuwa wanapita na nguo mpya. Akaivua miwani akaiweka juu ya gazeti. Akafumba macho. Gumba lake nene likaingia ndani ya ukanda, likaenda mpaka mwisho, likarudi.

"Ziko nne," akasema.

"Ndiyo."

"Ya kwanza na ya tatu ni moja. Fundi mmoja, kipimo kimoja." Gumba likaenda tena. "Na ya pili na ya mwisho nazo zinafanana."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa inasemaje?"

"Umeshasikia nimeisema mara mbili."

Midomo yake ilitikisika kidogo. Alilisema neno lile kwa sauti ya chini, akiwa bado amefumba macho, huku gumba likifuata kila mshono. Kisha akalirudia. Hakuwa amewahi kusoma neno maishani mwake, na la kwanza kulisoma lilikuwa Baba.

Halafu akavaa kofia, akageukia mlangoni akaita, kwa ile sauti yake ya balozi ambayo majirani wote waliijua.

"Mama Mwajuma! Lete daftari la kisomo."

Mama alitoka na mikono ya pilau. "Siku ya Idi? Kwani nani kasahaulika?"

"Andika. Sefu Mwinyimvua, nyumba namba moja."

Mama alisimama na kalamu. Alikuwa amemwandikia madaftari yake miaka yote na hakuwa amewahi kumuuliza kitu. "Nikuandike msimamizi?" akasema polepole.

"Mwanafunzi," Baba akasema. "Andika na sauti, wasikie."

Jumatatu saa kumi alikaa benchi la mbele karibu nami, kofia kichwani, kipande cha marekani mkononi. Miwani aliiacha nyumbani.